Nukta Mbele ya Jina: Jinsi Programu za Mstari wa Amri Zinavyokumbuka Matakwa ya Mtumiaji

Programu ya mstari wa amri haina vitufe wala madirisha. Mtumiaji huandika jina la programu kwenye terminali, huongeza maneno mafupi ya kuieleza ifanye kazi namna gani, kisha hubonyeza Enter. Maneno hayo ya nyongeza ndiyo machaguo. Chaguo lisiloandikwa, programu hulijaza yenyewe kwa thamani iliyowekwa na mtunzi wake, na thamani hiyo huitwa chaguo-msingi. Ni kama chai ya mgahawani: muuzaji hutia sukari bila kuuliza, na asiyeitaka ndiye anayelazimika kusema. Akija kila siku, atasema kila siku, mpaka muuzaji amzoee. Kwa programu, kazi ya kumzoea mteja hufanywa na faili la mipangilio, yaani faili dogo la maandishi ambalo programu hulisoma kila inapoamka, kabla haijagusa kazi yoyote.

Chaguo-msingi ni uamuzi wa mtu aliyekaa mahali fulani, akiwafikiria watumiaji wa namna fulani: wenye intaneti isiyokatika, wenye umeme wa saa zote, wanaoandika desimali kwa nukta. Uamuzi huo ukifika Kisangani, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sehemu yake moja huchukuana na mazingira na sehemu nyingine haichukuani nayo hata kidogo. Kwa hiyo faili la mipangilio lina maana kubwa zaidi kwa mtu wa Kisangani kuliko kwa yule ambaye programu ilitungwa akifikiriwa yeye, na kazi moja ya huko yatosha kulionyesha.

Masako ni hifadhi ya msitu ya hekta 2,105, kilomita 14 hivi kaskazini-mashariki ya mji wa Kisangani, kando ya barabara ya zamani ya Buta, mahali mto Tshopo unapojipinda. Ilitengwa mwaka 1953, na leo ni uwanja wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani. Ndani yake kuna msitu mkongwe wa miti ya limbali, msitu uliojiotea upya baada ya kulimwa, na mashamba yaliyoachwa yapumzike. Kijiji cha Batiabongena kiko pembeni kabisa mwa msitu. Wanyama wadogo wa Masako wamehesabiwa, wamepimwa na kuandikwa kwa miongo kadhaa; mtafiti Dudu Akaibe alitetea huko Antwerp mwaka 1991 tasnifu ya udaktari juu ya panya na wanyama wala-wadudu wa msitu huu. Mahali palipochunguzwa kwa muda mrefu hivyo huzaa data nyingi, na data nyingi haziepuki kompyuta.

Tuseme mtafiti anataka kujua miti ya Masako imepungua kiasi gani tangu mwaka 2000. Ramani ya kumsaidia ipo, tena bila malipo: ni ile ya Matthew Hansen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland, iliyotangazwa mara ya kwanza mwaka 2013 na kuongezewa miaka mipya tangu hapo. Imetengenezwa kwa picha za satelaiti za Landsat, na dunia nzima imegawanywa vipande vya digrii 10 kwa 10. Masako iko dakika 36 za digrii kaskazini mwa ikweta na kwenye longitudo ya 25 mashariki, kwa hiyo imo katika kipande kiitwacho 10N_020E. Kipande hicho kina miraba 40,000 kwa 40,000, jumla bilioni 1.6, kila mraba ukiwa na upande wa mita 30 hivi. Miraba ya Masako katika hiyo yote ni 27,000 tu au karibu na hapo. Anayekipakua kipande hicho hupata pamoja na Masako sehemu kubwa ya kaskazini ya Kongo, mashariki ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na magharibi ya Sudan Kusini. Ni mzigo mzito kwa safari fupi, lakini ndivyo ramani ilivyokatwa.

Kupakua mafaili kama haya kwa kivinjari cha kawaida ni mateso. Anwani za vipande hutolewa zimeorodheshwa katika faili la maandishi, na programu inayofaa kuzifuata moja baada ya nyingine ni wget, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Hrvoje Nikšić. Amri yake ni fupi: wget -i orodha.txt. Kwa intaneti ya kuaminika inatosha. Kisangani haitoshi, na sababu imo katika machaguo-msingi.

Kwa kawaida wget ikipoteza mawasiliano hujaribu tena, lakini mwisho wake ni majaribio 20. Kama seva imenyamaza, husubiri sekunde 900, yaani robo saa nzima, kabla ya kukubali kwamba hakuna anayejibu. Kasi haina kikomo: hunyonya chote kinachopatikana. Kwa mji ambako intaneti hupitia mnara wa simu, kila moja ya namba hizi ni tatizo la aina yake. Mawasiliano ya simu hufa kimyakimya. Mnara haupigi hodi kusema umeondoka. Programu inayongoja robo saa kila inapoachwa peke yake hupoteza usiku mzima kwa kungoja. Faili la megabaiti 500 kwa kasi ya kilobaiti 50 kwa sekunde huchukua sekunde 10,000, karibu saa tatu, na katika saa tatu mawasiliano yakikatika kila baada ya dakika chache, majaribio 20 huisha kabla ya alfajiri. Ofisi nzima ikitumia modemu moja, wanaofungua barua pepe hukwama kwa sababu ya mtu mmoja anayepakua ramani.

Machaguo ya kurekebisha hayo yote yapo, ila amri hurefuka:

wget --tries=0 --timeout=60 --waitretry=30 --limit-rate=60k -i orodha.txt

Mtu anaweza kuikariri. Anaweza pia kuiandika kwenye daftari, na wengi hufanya hivyo. Lakini siku ya haraka atasahau neno moja, na neno hilo litakuwa lile lililohitajika. Afadhali kuyaandika mara moja katika faili liitwalo .wgetrc, ndani ya folda ya nyumbani ya mtumiaji:

# Kompyuta ya kazi, intaneti ya mnara
# jaribu bila kukoma
tries = 0
# sekunde 60 za ukimya zatosha
timeout = 60
# pumzika hadi sekunde 30 kati ya majaribio
waitretry = 30
# waachie wengine nafasi
limit_rate = 60k

Kila mstari ni jina, alama ya usawa, na thamani. Mstari unaoanza na alama ya reli ni maelezo ya binadamu, programu huuruka. Na mstari mtupu huachwa vilevile. Sifuri katika tries haina maana ya kutojaribu kabisa, bali ya kujaribu bila kikomo. Hata hivyo, seva ikijibu kwamba faili halipo, wget huacha mara moja, kwa kuwa jibu hilo halibadiliki kwa kusubiri. Herufi k katika limit_rate ni kilobaiti kwa sekunde. Majina yenyewe hayana ukali: wait_retry, WaitRetry na waitretry kwa wget ni kitu kimoja. Faili likishahifadhiwa, amri hurudi kuwa wget -i orodha.txt, na kazi hufanyika kama ile amri ndefu ingeandikwa yote.

Nukta iliyo mwanzoni mwa jina ina historia yake. Katika Unix, mfumo ulioanza kutungwa Bell Labs mwaka 1969, kila folda ina majina mawili ya pekee: nukta moja kwa folda yenyewe, na nukta mbili kwa folda iliyo juu yake. Rob Pike, mmoja wa wataalamu wa maabara hiyo, amesimulia kwamba programu ya kuorodhesha mafaili, ls, ilitakiwa isiyaonyeshe majina hayo mawili tu. Aliyeiandika alitafuta njia ya mkato: akaangalia kama herufi ya kwanza ya jina ni nukta, akaishia hapo. Kwa hiyo kila faili lenye nukta mbele likawa halionekani, na watunzi wa programu wakaligeuza kosa hilo kuwa maficho ya mafaili yao ya mipangilio. Pike mwenyewe haoni kwamba ni jambo la kujivunia. Ili kuyaona, huandikwa ls -a. Zile herufi rc mwishoni mwa .wgetrc, .curlrc au .bashrc ni kongwe kuliko Unix yenyewe: zilitoka katika runcom, jina la mafaili ya kuendesha mfululizo wa amri katika mfumo wa CTSS wa chuo cha MIT, miaka ya 1960.

Leo programu nyingi mpya haziyatawanyi tena mafaili yao katika folda ya nyumbani. Tangu 2003 kuna mwongozo wa pamoja unaopendekeza yawekwe ndani ya folda moja iitwayo .config, kila programu na chumba chake. Zile za zamani zimebaki na nyumba zao za zamani, na mwongozo wa kila programu, unaofunguliwa kwa neno man likifuatwa na jina lake, hutaja faili linatafutwa wapi.

Kibodi nayo ina neno la kusema. Kompyuta nyingi za Kongo zina kibodi ya AZERTY, ambako nukta haipatikani bila kubonyeza Shift, na alama ya wimbi inayowakilisha folda ya nyumbani imefichwa nyuma ya vitufe viwili au vitatu. Vitabu vingi husema ~/.wgetrc kana kwamba kila mtu anaiona alama hiyo mbele ya macho. Anayeikosa aandike $HOME/.wgetrc, ambayo terminali huielewa vilevile.

Faili la mtumiaji si sauti pekee inayoisemesha programu. Kuna tabaka kadhaa, na suala ni nani mwenye neno la mwisho. Chini kabisa ni thamani zilizomo ndani ya programu yenyewe. Juu yake kuna faili la mfumo, mara nyingi ndani ya folda ya /etc, ambalo msimamizi wa kompyuta huliandika kwa ajili ya watumiaji wote. Kwa wget ni /etc/wgetrc. Juu ya hilo kuna faili la mtumiaji. Baadhi ya programu huongeza faili la mradi, linalokaa ndani ya folda ya kazi fulani na kuhusu kazi hiyo tu. Kisha huja vigeu vya mazingira, yaani majina yenye thamani ambayo terminali huyabeba na kuyagawia kila programu inayoizindua. Juu kabisa ni yale yaliyoandikwa kwenye amri yenyewe. Kwa kawaida, lililo karibu zaidi na mkono wa mtumiaji hushinda. Kwa hiyo mwenye limit_rate = 60k katika faili lake, usiku ambapo ofisi ni tupu, huandika --limit-rate=0, na kikomo huondoka kwa mara hiyo moja bila faili kuguswa.

Kanuni hiyo ina wanaoivunja, na wanaovunja ndio wanaowachosha watu. R, programu ya takwimu inayotumiwa na wanabiolojia wengi, ina faili liitwalo .Rprofile. Hulitafuta kwanza katika folda ya kazi. Ikilikuta hapo, lile la nyumbani halisomwi kabisa. Hayajumlishwi. Aliyeweka faili la mradi lenye mstari mmoja hushangaa mipangilio yake mingine yote imetoweka. Kwa ssh, programu ya kuingia katika kompyuta ya mbali, thamani inayokutwa kwanza ndiyo inayoshika, kwa hiyo mistari ya jumla lazima iwe chini na ya pekee iwe juu. Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, ndiyo yenye adabu kuliko zote katika jambo hili: husoma faili la mfumo, la mtumiaji na la mradi kwa mpangilio huo, na amri git config --list --show-origin huonyesha kila thamani pamoja na faili ilikotoka. Kila programu ingekuwa na amri kama hiyo, saa nyingi za watu zingeokolewa.

Kigeu cha mazingira kimoja, TZ, kinastahili kutajwa kwa sababu ya jiografia. Kongo ina majira mawili: Kinshasa hufuata saa iliyo mbele ya saa ya ulimwengu, yaani UTC, kwa saa moja, na Kisangani, pamoja na mashariki yote, kwa saa mbili. Katika orodha ya majira ya dunia inayotumiwa na kompyuta, nchi ina majina mawili, Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Kisangani haikutajwa, iko chini ya jina la Lubumbashi. Kompyuta iliyopangwa Kinshasa kisha ikaletwa Kisangani huendelea na saa ya kule mpaka mtu aibadili. Kifaa cha GPS huandika saa za UTC, na programu ya kuzigeuza kuwa saa za Kisangani hutegemea mpangilio huo. Mnyama aliyeonekana Masako saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kumeshakucha, huandikwa kuwa alionekana saa kumi na moja na nusu, gizani. Na kwa anayechunguza wanyama wa mchana na wa usiku, hilo ni kosa zito. Mstari TZ=Africa/Lubumbashi mbele ya amri hulirekebisha kwa amri moja; mpangilio wa mfumo hulirekebisha kwa zote.

Lililo gumu zaidi ni kuamua kipi kiingie katika faili na kipi kisiingie. Mwenye kuonja raha ya kutoandika hutaka kuingiza kila kitu, na hapo ndipo hatari ilipo. Hali ya mahali na ya mashine, kama vile udhaifu wa intaneti au folda ya kuhifadhia, ni haki yake kukaa katika faili la mtumiaji: ikiwekwa vibaya, kazi huchelewa au hukwama, lakini matokeo hayabadiliki. Uamuzi unaobadilisha matokeo yenyewe haufai kukaa huko. Unafaa kuandikwa waziwazi katika amri au katika skripti ya kazi, yaani faili lenye amri zake, mahali ambapo kila atakayeisoma kazi hiyo atauona.

Mfano wa kwanza uko katika wget yenyewe. Umeme wa Kisangani hutoka katika bwawa la mto Tshopo, na hukatika. Ukikatika katikati ya kupakua, kompyuta ikiwashwa tena na amri ileile ikirudiwa, wget haiendelei pale ilipoishia. Huanza upya na kuhifadhi kwa jina jipya lenye .1 mwishoni, halafu .2, mpaka folda inajaa vipande visivyokamilika vya ramani moja. Chaguo la -c huiambia iendelee. Kwa nini basi usiandikwe continue = on katika .wgetrc na kumaliza matatizo? Mwongozo wa wget unamtaka msomaji asome kwanza maelezo ya -c kabla ya kufanya hivyo, na una sababu. Programu haijui kama faili la kwenye seva ni lile la jana. Hulinganisha ukubwa tu. Kama faili, tuseme orodha ya viumbe, limebadilishwa na kurefushwa huku jina likiwa lilelile, wget itashona mkia wa faili jipya kwenye kichwa cha faili la zamani, na hakuna onyo litakalotolewa. Ramani za Hansen hazina hatari hiyo kwa kuwa jina la kila faili limebeba namba ya toleo, na hapo -c iandikwe bila woga. Lakini iandikwe kwa mkono, kwa kazi ile.

Mfano wa pili ni wa R, nao ni mbaya zaidi. Shule za Kongo hufundisha kwa Kifaransa, na desimali huandikwa kwa mkato: panya wa gramu 34,5. Jedwali likihifadhiwa kutoka katika kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa, mkato hubaki kwa desimali na safu hutenganishwa kwa nukta-mkato. R ina kazi mbili za kusoma majedwali ya namna hii: read.csv, iliyotungwa kwa desimali za nukta, na read.csv2, iliyotungwa kwa desimali za mkato. Aliyechagua ile ya kwanza na kuiambia tu kwamba safu zimetenganishwa kwa nukta-mkato atasomewa uzito wa panya kama maandishi, si kama namba.

Kabla ya toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, chaguo-msingi la R lilikuwa kuyageuza maandishi yote ya jedwali kuwa makundi yenye namba za ndani. Uzito wa 28,0 na 34,5 na 41,2 ulikuwa makundi matatu, na aliyeiamuru R iyageuze kuwa namba alipewa namba za makundi: 1, 2, 3. Hakukuwa na onyo lolote. Wastani ukapigwa, mchoro ukachorwa, na panya wa Masako akawa na gramu mbili. Watumiaji wengi waliungua, wakaandika ndani ya .Rprofile mstari wa kuzima tabia hiyo, options(stringsAsFactors = FALSE). Ilikuwa tiba kwa kompyuta yao na sumu kwa kazi yao, maana skripti iliyotumwa kwa mwenzao haikubeba .Rprofile ndani yake. Skripti ileile na data zilezile zikatoa majibu mawili tofauti katika kompyuta mbili, na hakuna aliyeona tofauti hiyo kwa kuwa ilikuwa imefichwa katika faili lenye nukta mbele. Mahali sahihi pa uamuzi ule palikuwa ndani ya skripti. Katika R ya sasa, 34,5 ikigeuzwa namba hutoa NA pamoja na onyo. Bado ni kosa, lakini linapiga kelele.

Watunzi wa grep, programu ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, walifikia hitimisho hilo kwa upande wao. Kwa miaka mingi grep ilikuwa na kigeu cha mazingira cha GREP_OPTIONS, ambamo mtumiaji aliweza kuweka machaguo yake ya kudumu. Watu waliweka rangi. Alama za rangi zikaingia katika matokeo ya skripti ambazo hazikutarajia rangi, na skripti zikaharibika katika kompyuta za baadhi ya watu tu. Mwaka 2014 kigeu hicho kilianza kutolewa onyo, na mwaka 2020 kikazikwa.

Faili la mipangilio linaposhindwa kufanya kazi, kosa mara nyingi ni la kawaida. Katika Windows, programu ya kuandikia huongeza .txt mwishoni bila kuonyesha, na .wgetrc huwa .wgetrc.txt, ambalo hakuna anayelitafuta. Faili lililoandikwa Windows na kupelekwa Linux huweza kubeba alama isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari, ikaonekana kama sehemu ya thamani. Programu ya kuandikia barua hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zile zilizopinda, ambazo programu nyingi hazizitambui. Kwa jina lisilofahamika, wget hutaja faili na namba ya mstari wenye kosa, kisha hukataa kuendelea. Si programu zote zenye ukali huo, na zile zinazoruka kimya mstari zisiouelewa humpotezea mtu muda mrefu.

Dawa ya kwanza kwa programu zote ni moja: kuendesha programu bila faili lake. Kwa wget ni --no-config. Kwa curl, programu nyingine ya kupakua, ni -q, ambayo lazima itangulie kila neno lingine. Kwa R ni --vanilla. Tatizo likiondoka, limo katika faili. Likibaki, faili halina hatia, na mtu atafute kwingine.

Mafaili haya huvutia pia nywila. Mtu aliyechoka kuulizwa nywila kila siku huiandika humo, na programu nyingine zimetenga faili maalumu kwa kazi hiyo, kama .netrc au, kwa hifadhidata ya PostgreSQL, .pgpass. Katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi, faili la namna hiyo lisomwe na mwenyewe tu. Amri ni chmod 600 ikifuatwa na jina la faili. PostgreSQL hailiachi jambo hili kwa hiari ya mtu: ikikuta .pgpass iko wazi kwa wengine, haiisomi. Faili lenye nywila halifai kunakiliwa kwenye diski mweko inayozunguka mikononi, wala kuwekwa pamoja na data zinazogawiwa.

Faili lisilo na siri, kwa upande mwingine, lafaa sana kusafiri. Kwa kazi ya kipande cha 10N_020E, machaguo yanaweza kuwekwa katika faili la wazi, lisilo na nukta mbele, tuseme masako.wgetrc, ndani ya folda ileile yenye orodha.txt na ramani, na maelezo yake yakaeleza kwa nini kila namba ilichaguliwa na siku gani. Kazi huendeshwa kwa kuandika wget --config=masako.wgetrc -c -i orodha.txt. Folda ikinakiliwa nzima na kufunguliwa katika kompyuta nyingine, wget huko italisoma faili hilo peke yake, bila .wgetrc ya mwenye kompyuta wala /etc/wgetrc kuongeza neno.